Jani la Uzio wa Nesi

Nianze kwa kusema kwamba mimi si mtu wa kuomba radhi. Sijivunii, naeleza tu nilivyo. Nimefundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini, na mwalimu anayewaomba wanafunzi radhi Jumatatu, ikifika Ijumaa atakuwa anafundisha madawati. Nilipostaafu, tabia hiyo nilitoka nayo. Mume wangu husema serikali ilibaki na chaki na fimbo, ikaniachia mdomo.

Siku hizi natengeneza kadi. Kadi za Idi, za Krismasi, za pongezi, za kumtakia mtu afya, zote kwa mkono, mezani kwangu sebuleni. Watu wakija hunisifu kwamba nina kipaji na uvumilivu. Sina hata kimoja. Nilianza kutengeneza kadi kwa sababu ya keki, na habari ya keki haiwezi kueleweka bila habari ya jirani yangu.

Jirani yangu hapa Sokon One, Arusha, alikuwa nesi mstaafu, Mchagga wa Machame. Mtaa mzima ulimwita Nesi, kama unavyoniita mimi Mwalimu. Tulihamia hapa wakati kukiwa bado mahindi matupu, tukajenga pamoja, chumba kimoja kimoja. Sisi ni Waislamu, asili yetu Kondoa, ila mimi nimezaliwa hapahapa mjini. Yeye ni Mlutheri wa kwaya. Mpakani alipanda uzio wa majani marefu ya kijani yaliyochongoka, miche aliyoitoa kwao juu ya basi, na katikati tukaacha pengo la kupita mtu mmoja kwa ubavu. Katika pengo lile vilipita vitu vyote vya maisha: pilau ya Idi ndani ya hotpoti, mikungu ya ndizi, chumvi, kipimajoto, umbea. Kila Krismasi mume wangu alipita hapo na kisu chake kwenda kumchinjia mbuzi, ili wote tule chungu kimoja bila wasiwasi.

Alikuwa na mama yake, bibi mfupi mwenye sauti kubwa, aliyekuja kutoka Machame kila mwaka kukaa mwezi mzima. Bibi yule alipenda pilau yangu kuliko alivyompenda mkwe wake, na alisema hivyo mbele ya mkwe. Hakuwahi kukanyaga shule. Mwaka mmoja nilikaa naye barazani, nikamfundisha kuandika jina lake kwenye kibao cha mtoto, na siku alipolimaliza bila kukosea aliandika jina hilo kwa mkaa kwenye ukuta wangu uliopakwa rangi mpya. Nilimgombeza. Akaniambia mwalimu mzuri hafuti kazi ya mwanafunzi, na kweli sikuifuta.

Sasa, keki. Miaka mitatu kabla ya haya ninayosimulia, binti yangu wa Dodoma alijifungua nikaenda kumlea mzazi. Alikuwa amenitumia simu mpya ya kugusa, nami nilikuwa bado najifunza, na miwani yangu nilikuwa nimeisahau Arusha juu ya friji. Asubuhi moja ikaja habari katika kundi la wasapu la mtaa: mama yake Nesi amefariki. Niliumia sana. Nikataka kutuma pole papo hapo, na kwa kuwa kuandika kulinichukua nusu saa kwa sentensi, nikatafuta zile picha ambazo watu hutumiana. Niliona mshumaa unawaka. Nikasema huu unafaa, mshumaa ni kitu cha heshima. Nikamtumia Nesi, kisha nikautuma na katika kundi ili wote waone kwamba sikunyamaza.

Mume wangu ndiye aliyenipigia simu siku ya pili, watu wakiwa tayari wako safarini kwenda kuzika. Aliniuliza, kwa upole wa mtu anayeogopa, kwa nini nimemtumia Nesi keki. Mshumaa ulikuwapo, ndiyo, lakini ulikuwa juu ya keki ya siku ya kuzaliwa, na kando ya keki kulikuwa na nyani anacheza na kofia ya karatasi kichwani. Binti yangu alipoangalia alifunika uso kwa nepi ya mtoto. Nikamwambia afute. Akanionyesha pa kubonyeza, nikabonyeza mwenyewe kwa haraka, picha ikatoweka, nikashusha pumzi. Ilipita wiki nzima ndipo nilipoambiwa kwamba nilikuwa nimeifuta kwenye simu yangu peke yake. Kwingine kote nyani aliendelea kucheza.

Mtu mwenye akili angepiga simu akaeleza. Mimi nilijiambia kwamba Nesi ananijua, ataelewa, na nikirudi nitakwenda kumpa pole uso kwa uso. Nilirudi baada ya mwezi. Nilimkuta uzioni anapunguza majani, nikasafisha koo ili nianze, naye akanitazama, akakunja kisu chake, akaingia ndani. Basi nami nikageuka. Hasira zangu ziko karibu kuliko miguu yangu. Nikasema kama ananidhania ninaweza kucheza na msiba wa bibi yule, basi hanijui, na kama hanijui, kwa nini nimfuate?

Waswahili wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa na uzio tayari, ukaota wenyewe. Mwaka wa kwanza majani yaliziba nusu ya pengo, wa pili yakaliziba lote. Mume wangu aliendelea kwenda kuchinja mbuzi kila Krismasi, akizungukia barabarani, na akirudi na paja la mbuzi mkononi nilitangaza kwamba sili nyama ya mtu asiyenisalimia. Baadaye niliila jikoni, nimesimama, mlango umefungwa. Kula ukiwa umesimama nilikuhesabu kuwa nusu ya kususa.

Ndiyo sababu ya kadi. Niliapa kwamba sitatuma tena picha ya simu kwa mtu yeyote. Kuanzia sasa, nilimwambia mume wangu, nikimpa mtu kitu nitakuwa nimekishika kwa mikono yangu, nimekitazama pande zote mbili na miwani imo usoni, na ninajua kabisa kinasema nini. Kumbuka maneno hayo, maana mimi nilikuja kuyakumbuka vizuri.

Nilinunua manila nyeupe mjini, mkasi, rula, na kutoka kwa mama mmoja wa soko la Ngaramtoni nikawa napata maganda makavu ya mgomba. Maganda hayo ni mazuri: yako meusi, ya kahawia, mengine yana rangi ya asali, na ukiyakata na kuyabandika unaweza kutengeneza picha yoyote. Wengine wanaweza, nilitaka kusema. Kadi yangu ya kwanza niliyomtumia binti yangu ilikuwa na Mlima Meru wakati wa asubuhi. Alipiga simu kushukuru, akauliza kile kiatu ni cha nani. Nikahamia kwenye twiga. Gundi niliipika mwenyewe kwa unga wa ngano, kama tulivyofanya shuleni, na mende wa Sokon One wakaja usiku wakala vichwa vya twiga wote sita. Mmoja nilimpelekea hivyo hivyo mwalimu mkuu wangu wa zamani, nikamwambia ni sanaa ya kisasa. Amemtundika sebuleni mpaka leo.

Kila kitu kilibidi kinyooshwe, na mahali pa kunyooshea ni chini ya godoro. Mume wangu alilalamika kila asubuhi. Alisema mgongo wake unajua idadi ya maganda kuliko mimi, na kwamba akijigeuza kitanda kinasikika kama mtu anakula krispi. Nilimwambia wasanii wote huteseka. Akasema ndiyo, lakini msanii ni mimi na anayeteseka ni yeye.

Mwaka wa tatu, kuelekea Krismasi, nikaachana na wanyama. Nilitafuta kitu kisichohitaji kuchorwa. Nilikuwa nafua uani, nikatazama uzio, na majani yale marefu yalikuwa yameinama upande wangu, ya kijani safi, mengine yana mstari mwembamba wa njano pembeni. Sheria yangu ni kwamba jani likivuka mpaka ni langu. Jumapili Nesi alipokwenda kanisani nikakata kumi. Nikayapiga pasi kati ya magazeti mawili, nikayalaza chini ya godoro, yakatoka laini na rangi imebaki. Yalikuwa marefu kuliko kadi, na kuyakata ncha kuliyaharibu, basi nikalifunga kila jani fundo moja katikati ili litoshe. Likabandikwa jani moja lenye fundo kwenye manila nyeupe, na ndani mwandiko wangu wa ubaoni: Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya. Kwa mara ya kwanza nilitengeneza kitu kizuri. Nilikiweka mezani nikakizunguka kukiangalia. Jumapili iliyofuata nikakata kumi mengine, nikakata na yale ya pengoni, maana huko ndiko yalikostawi zaidi.

Jambo moja nililishangaa wakati ule, nikalipuuza. Mume wangu aliacha kulalamika. Alilala juu ya majani yale wiki mbili bila neno.

Ni yeye pia aliyeniletea habari. Alirudi kutoka kuongea na Nesi habari za mbuzi wa mwaka huo, akasema huenda huyo akawa mbuzi wa mwisho. Nesi amejengewa nyumba na watoto kwao Machame. Sikukuu zikipita anahama moja kwa moja, na hapa ataweka wapangaji. Nilisema sawa, kila mtu na kwao. Kisha nikaenda chooni nikalia, nikiwa nimefungulia bomba ili isisikike. Nilikuwa nimemkasirikia kwa miaka mitatu kwa raha zangu zote kwa sababu alikuwapo, hatua ishirini kutoka kwangu. Nilijua tutakuja kupatana siku moja, sikujua tu kwamba siku zina mwisho. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuniona nikizaa, nikizika na nikiunguza wali.

Usiku huo sikufanya kitu. Kesho yake nilitengeneza kadi yake, iliyo nzuri kuliko zote, jani la mstari wa njano, fundo limekaa katikati sawasawa. Nikaandika ndani yale yale niliyowaandikia wengine, nikaiweka chini ya godoro. Nikasema nitampa kesho. Kesho ikaja mara nyingi.

Zile nyingine nikaanza kuzigawa. Wa kwanza alikuwa muuza duka wetu wa kona, mtu wa Rombo, ambaye nilimfundisha darasa la nne. Nilimpa kadi nikamwomba kilo ya sukari. Aliitazama kadi, akanitazama mimi, akavua kofia, akazunguka kutoka nyuma ya kaunta. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Akaniambia, "Mwalimu, yameisha. Mimi nilishasahau kabisa." Nikamuuliza yameisha yapi. Akasema zile fimbo sita za kioo cha dirisha, na kwamba hakukivunja yeye. Nikamuuliza nani alikivunja, maana hasira ilianza kunirudia upya, na akacheka akasema mimi sitabadilika. Sukari alinipimia kwa mkono mzito. Nilirudi nyumbani nikimwambia mume wangu kwamba yule kijana amezeeka vibaya.

Wa pili alikuwa mwalimu mwenzangu mstaafu, mama wa Kibosho anayeishi Engutoto. Huyu alipofungua bahasha alikaa chini. Alinishika mikono miwili, akasema hakutegemea kutoka kwangu, kwangu mimi kuliko watu wote, na kwamba amenisamehe kwa yale niliyoyasema ofisini kuhusu chapati zake. Niliwahi kusema zinafaa kujaladia madaftari. Nilisema kweli na bado nadhani hivyo, lakini sikupata nafasi ya kufafanua, maana alikuwa ameshainuka, akaingia chumbani, akatoka na mwamvuli wangu. Mwamvuli ambao niliwatuhumu kuuiba mwanafunzi mmoja, mfagizi mmoja na mkaguzi wa elimu! Ulikuwa chini ya kitanda chake miaka yote. Akasema kama mimi nimeweza kujishusha kiasi hiki, yeye ni nani asitubu?

Ikawa hivyo wiki nzima. Wengine niliwapelekea kadi wakaipokea tu, asante Mwalimu, nzuri sana, basi. Lakini wengine, na wote walikuwa Wachagga ila mimi sikuliona hilo, walinisamehe. Kinyozi wa mume wangu alinisamehe kwa jogoo. Mwenyekiti wa mtaa alinisamehe kwa kikao kimoja nisichokikumbuka, akasema nilikuwa na haki lakini si kwa sauti ile. Mama mmoja wa genge alinisamehe bila kusema kosa, akanipa nyanya. Nilianza kutembea na hasira ya mtu anayepewa zawadi asizoziomba. Nimekuwa nikiishi na watu hawa kwa amani, kumbe kila mmoja ana daftari langu la makosa kichwani.

Siku moja kabla ya Krismasi nilirudi dukani, nikasimama mbele ya kaunta, nikamwambia yule mwanafunzi wangu wa zamani kwamba sitoki mpaka anieleze watu wamepatwa na nini. Alidhani natania. Alipoona sitanii, akaichukua kadi yake, ambayo alikuwa ameisimamisha kwenye rafu kati ya chumvi na viberiti, akaweka kidole juu ya jani.

"Mwalimu, hili ni isale. Kwetu mtu akikukosea akija na isale, anaomba msamaha. Na wewe huwezi kumkatalia, hata kama amekuulia ng'ombe."

Nikasema huo ni mmea wa uzio. Akasema ndiyo, hupandwa mpakani pia, ili watu wasigombane. Nikasema hakuna aliyeniambia. Akasema nani angedhani Mwalimu hajui, mtu mwenye majibu ya kila kitu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ina maana kwamba zile fimbo sita bado.

Nilikuwa nimekaa juu ya kreti ya soda nikihesabu. Mimi, ambaye sijaomba radhi tangu nizaliwe, nimezunguka mji mzima kwa miguu yangu nikiomba radhi nyumba hadi nyumba, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Kisha hesabu ikafika kwenye ile kadi ya chini ya godoro na moyo ukatulia kidogo. Angalau hiyo haijaondoka. Hiyo ndiyo pekee ambayo ingekuwa kweli.

Nilipofika nyumbani niliinua godoro. Kulikuwa na magazeti tu. Mume wangu alikuwa barazani anasuuza kisu, amemaliza kuchinja. Nilimuuliza kadi iko wapi. Alijibu bila kuinua kichwa kwamba amempelekea Nesi asubuhi, kwa kuwa alikuwa anakwenda huko, na kwa kuwa ilimchoma ubavuni wiki nzima.

Sikuvaa hata viatu. Nia yangu ilikuwa moja: kuirudisha. Nitasema ni makosa, nitasema bahasha zimebadilishana, nitasema lolote, lakini Nesi hataondoka Arusha akidhani nimempigia magoti kwa jani. Sikuzungukia barabarani. Nilikwenda moja kwa moja uzioni kwa mazoea ya zamani, na nilikuwa nimeshapita kwa ubavu hadi upande wa pili ndipo nikagundua kwamba pengo liko wazi. Nilikuwa nimelifungua mwenyewe, jani kwa jani, Jumapili mbili.

Nesi alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, nyama ya mbuzi ndani ya beseni kando yake haijakatwa. Kadi ilikuwa mapajani. Alikuwa amevaa miwani yake, naye alikuwa amezeeka. Hilo lilinipiga kwanza, maana mtu unayemnunia humwangalii vizuri. Yeye ndiye aliyeanza.

"Nimekaa nalo tangu asubuhi," alisema, "natafuta namna ya kulikataa. Sijaipata."

Kisha akaliinua lile jani karibu na macho, akauliza kama halijatoka kwenye uzio wake. Nikasema lilikuwa limeinamia upande wangu. Akasema kwa hiyo nimemkatia isale lake mwenyewe nimwombe nalo msamaha. Nikasema ndiyo, inaonekana hivyo. Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema kwamba ilikuwa bahati mbaya, kwamba ni pambo, kwamba mimi sijaomba chochote. Nilifungua mdomo na maneno yote nilikuwa nayo. Nikamwona anavyoishika kadi, kwa mikono miwili, jinsi bibi yule alivyokuwa akishika kibao chake.

"Sikujua maana yake," nilisema. "Nesi, sikujua. Lakini nisamehe. Sikuwa na miwani."

Alicheka, kicheko cha puani alichonacho, na machozi yakamtoka. Alisema alijua kwamba sijui, ningejua, nisingetuma. Isale halimuulizi aliyelileta kama anajua. Nikaanza kumweleza habari ya mshumaa na keki, Dodoma, friji, namna nilivyofuta kwenye simu yangu, yote kwa pamoja, akaniinulia mkono ninyamaze. Na alichosema ndicho ninachokisikia mpaka sasa nikiwa mezani nakata manila.

"Mwalimu, keki nilijua siku ile ile kwamba umekosea. Nilikuwa nasubiri uje."

Miaka mitatu, hatua ishirini. Niliketi chini kwenye vumbi nikalia kama mtoto wa chekechea, bila bomba la kunifunika. Yeye akanisukumia beseni na kisu, akasema kama nimekuja kulia nilie huku nakata nyama, watoto wake wanafika saa kumi.

Jioni nilimbana mume wangu. Mtu huyu alikulia Moshi, baba yake akiwa dereva wa kiwanda cha sukari, na kwa ndoa yote ya miaka arobaini sikuwahi kukaa nikafikiri kwamba aliyekulia Moshi lazima anajua isale ni nini. Alikiri bila kusitasita. Aliniona nalifunga fundo la kwanza, akajua, akaamua kunyamaza. Nilimuuliza aliwezaje kuniacha nizunguke mji mzima nikitubu. Akasema alifikiri halitanidhuru.

Nesi alihama baada ya mwaka mpya. Sikumzuia, na hakubaki kwa ajili yangu. Hayo ni ya filamu. Nilimsindikiza, nikakaa mbele na dereva wa lori, magodoro yako nyuma, na njiani alinisimulia siku za mwisho za mama yake, ambazo nilipaswa kuwa nimezisikia miaka mitatu kabla. Alisema bibi alikuwa bado anaandika jina lake kwenye kila kitu, hata kwenye pakiti za dawa.

Tulipofika Machame niliomba kwenda makaburini kwanza, kabla ya chai. Yako nyuma ya nyumba, ndani ya migomba, makaburi matano au sita yamepakwa chokaa, na pembeni ya kila moja yamesimama majani yale yale ya uzio wangu. Nilikuwa nimebeba kadi. Ndani yake sikuandika kitu ila jina la bibi, kwa herufi kubwa, jinsi alivyoliandika ukutani. Nilipiga magoti, nikaweka kadi juu ya saruji, nikasema shikamoo mama. Nikasema nimechelewa. Nikasema mimi ndiye niliyetuma nyani, kwamba nilimpenda sana, na kwamba namwomba anisamehe. Nilisema mengi na kwa utaratibu, maana nilikuwa nimeyapanga tangu tunavuka Usa River.

Nesi aliniacha nimalize. Kisha nikasikia kile kicheko cha puani nyuma yangu.

"Mwalimu, vaa miwani. Huyo ni shangazi, na hakuwapenda walimu. Mama ni huyu hapa."

Nikaichukua kadi, nikahama kaburi, nikaanza upya tangu shikamoo.